Madini na Madeni

Wako wanaoamini kwamba mtu akichanganya maneno mawili, kazi ya mwalimu ni kumsahihisha na kuendelea na somo. Nami nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, katika chuo cha ualimu kilichopokea vijana wa Shinyanga, Kahama, Maswa na Geita. Sina ugomvi na kalamu nyekundu. Hata hivyo, upo utani ambao kalamu hiyo huuona kuwa ni makosa tu, nao ni utani wa kuchanganya maneno makusudi. Unaye ndugu yake pia, yaani ule wingi wa majina tuliyonayo ya kuyaita maneno yasiyo na maana. Napenda kuwapima ndugu hawa wawili, kwani mmoja wao anaweza kuponya na anaweza pia kuumiza.

Tuanze na mchanganyo usiokusudiwa. Lugha nyingi za huku kwetu hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyozitenganisha, wala hazina dh na th. Kwa sababu hiyo kura huwa kula, thamani huwa samani, na mahali huwa mahari. Mwanachuo akisimama na kusema kwamba ametafuta mahari pa kukaa akakosa, darasa zima huangua kicheko, na atapatikana mmoja wa kumwuliza, “Ngosha, ulipeleka ng’ombe wangapi?” Ni kicheko kitamu. Lakini mtazame aliyechekwa. Akiwa na bahati, atajibu utani kwa utani. Akikosa bahati, hatanyoosha mkono tena mpaka muhula umalizike, na kesho kutwa huyo ndiye atakayekwenda kuwafundisha watoto wetu kusema bila woga.

Mchanganyo wa kukusudia ni jambo jingine kabisa. Katika ukanda wa dhahabu, tangu Geita hadi Kahama, utawasikia watu wakisema kwamba mwenzao alikwenda kutafuta madini akarudi na madeni. Wengine husema dhahabu na adhabu zilizaliwa nyumba moja, ila adhabu ndiyo iliyotangulia kutoka. Msemaji wa maneno hayo anaijua vizuri tofauti ya madini na madeni. Amekwisha kukopa fedha za kuendeshea duara, za kulisha vijana wanaochimba na za kukodi karasha. Mawe yamesagwa, na kilichopatikana hakitoshi kumlipa hata mwenye pampu. Irabu moja imebeba hesabu yote ya msimu.

Utani ulio bora kupita wote, kwa maoni yangu, ni ule wa mrabaha. Mrabaha ni fungu ambalo mchimbaji hulipa serikali kutokana na thamani ya madini. Kwa dhahabu, sheria ya mwaka 1998 iliwekwa kwa kiwango cha asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 ikapandisha hadi 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakafikisha 6. Neno lenyewe ni gumu, na wengi hulitamka mrahaba, nusu wakielekea kwenye marahaba. Basi mzee mmoja wa huku alipenda kusema hivi: “Sisi tulimwamkia mgeni shikamoo, naye akatuitikia marahaba. Tukadhani tumelipwa.”

Hebu tuuchambue utani huo kama tunavyochambua shairi. Shikamoo hutolewa na mdogo kwa mkubwa. Kwa neno moja tu, mzee ametuonyesha ni nani aliyeinama na nani aliyeinamiwa, na kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemwamkia mgeni. Kisha marahaba ni jibu lisilogharimu kitu. Yote hayo yamesemwa bila tusi, na bila kumtaja mtu yeyote ambaye angeweza kukasirika. Asiyeijua adabu ya salamu zetu hawezi kuucheka utani huu. Kwa hiyo kuuita kosa la matamshi ni kuonyesha kwamba hatukuusikiliza.

Tena tusidhani kwamba wanaochanganya maneno ni watu wadogo peke yao. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Takrima ni neno zuri la kumheshimu mgeni, lakini katika kampeni lilifunika pilau, fulana na khanga, na wananchi walishindwa kuona ukarimu unakomea wapi na rushwa inaanzia wapi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba. Miaka yote hiyo, kijana aliyeandika kula badala ya kura alikuwa akikatwa alama. Nathubutu kusema kwamba wakati mwingine aliandika habari sahihi kwa herufi isiyo sahihi.

Sasa nije kwa yule ndugu wa pili. Kiswahili kina majina mengi ya upuuzi, na watu huyatumia kana kwamba ni shanga za rangi moja. Sivyo. Upuuzi wenyewe unatokana na kupuuza, kwa hiyo ni neno la msikilizaji: anatangaza kwamba jambo hili halistahili kuangaliwa. Soga na porojo ni maneno ya kupitisha wakati, na soga haina lawama kubwa. Kuropoka, kupayuka na kubwabwaja yanaulaumu mdomo usio na breki. Longolongo ni ujanja wa kukwepa na kuahirisha. Kiini macho na changa la macho ni mashtaka ya udanganyifu. Ngonjera imepata bahati mbaya: majibizano ya kishairi aliyoyavumisha Mathias Mnyampala, ambayo shule zetu ziliyaimba sana baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, siku hizi jina lake hutajwa pale mtu anapoleta maelezo marefu yasiyo na kitendo. Nadhani tuliikariri mno mpaka tukaichosha.

Lipo pia neno pumba, ambalo vijana wanalipenda na wazee wanaliona kuwa la mtaani. Mimi nalitetea. Sisi tunaolima mpunga twajua kwamba pumba zina kazi, huchomea matofali. Zaidi ya hapo, pumba haziwezi kuwapo pasipo mchele. Anayesema hotuba fulani ni pumba tupu, kama akilipima neno lake, anadai jambo zito: kwamba punje ilikuwapo, na kuna aliyeichukua akatuachia maganda.

Machimboni wameongeza lao. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao bado una chembe ndani yake na hununuliwa na wenye mitambo ya kuuchenjua upya. Nilimsikia kijana mmoja akisema juu ya mgombea aliyekuja mara ya tatu na ahadi zile zile, “Huyu analeta marudio.” Hakumwita mwongo. Alikiri kwamba chembe inaweza kuwamo, ila akatahadharisha kwamba kuitafuta kutagharimu, na kwamba wenye faida ni wale wenye mitambo. Huo ni uhakiki kamili kwa neno moja, na ni wa haki kuliko pumba.

Upande wa pili yapo maneno ambayo hakuna anayethubutu kuyaita upuuzi, kwa sababu huja yamevaa suti: mchakato, wadau, shirikishi, changamoto. Katika mkutano mmoja wa kijiji, kijana mwenye makabrasha alieleza kwa nusu saa jinsi wadau watakavyoshirikishwa katika mchakato wa kukabili changamoto za maji. Bibi mmoja akamwuliza kwa upole, “Mwanangu, hiyo changamoto inalimwa au inachimbwa?” Watu walicheka, na kijana, kwa heshima yake, akacheka pia, kisha akasema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba kisima hakitachimbwa mwaka ule. Swali lile lilileta jibu.

Lakini nimeshuhudia pia mkutano ambamo kicheko kilifukuza jibu. Ulikuwa juu ya fidia ya ardhi. Mzee mmoja alisimama akataka kujua, “Hiyo tasimini inahesabu na makaburi?” Alikusudia tathmini. Vijana wakalidaka neno tasimini, likazunguka ukumbini kama mpira, na kelele zilipotulia mwenyekiti alikwisha kumpa nafasi mtu mwingine. Makaburi hayakutajwa tena. Mzee alikaa akatazama chini. Swali lake lilikuwa zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, nalo lilizikwa kwa sababu ya herufi mbili.

Hapo ndipo ninapouwekea mpaka utani huu. Bibi na vijana wale walicheka maneno. Tofauti ni upande kicheko kilikoangukia. Bibi alimcheka mwenye neno kubwa lililoficha jambo dogo. Vijana walimcheka mwenye jambo kubwa lililokaa ndani ya neno lililokosewa. Utani wa kwanza ni wa kuulinda, na mwalimu ausome darasani kama anavyosoma methali. Utani wa pili ni upuuzi kwa maana yake ya asili, kwani unampuuza mtu.

Kwa walimu vijana nina ushauri mmoja tu. Mwanafunzi akisema samani akikusudia thamani, msahihishe, maana mtihani hautamhurumia. Ila kwanza mjibu alichouliza.