Namna Make Inavyojua Pa Kuanzia

Skripti ndefu ya kukokotoa, yaani mfululizo wa amri ambao kompyuta huutekeleza kwa saa nyingi au hata siku kadhaa, ikikatika katikati humlazimu mwendeshaji wake ama kuianza upya ama kubahatisha ni hatua zipi zilizokwisha kamilika. Dawa iliyodumu kuliko nyingine ilitoka Bell Labs, Marekani, mwaka 1976, Stuart Feldman alipoandika Make, ambayo ilikusudiwa kuunda programu nyingine lakini inafaa kwa kazi yoyote inayozalisha faili kutokana na faili jingine.

Make haitunzi kumbukumbu ya yaliyokwisha kufanyika. Mtumiaji huandika kanuni zinazotaja faili linalotakiwa, mafaili linayoyategemea na amri ya kulizalisha, kisha Make hulinganisha saa ambazo mafaili hayo yalibadilishwa mara ya mwisho: kwa mfano, matokeo.txt linalotegemea data.csv likiwa la zamani kuliko hilo, hatua ya kulizalisha hurudiwa pamoja na zote zinazolitegemea, na nyingine haziguswi.

Tatizo huzuka pale amri inaposhindwa ikiwa imeandika nusu tu ya matokeo, kwani faili hilo bovu lina saa mpya, na Make ikiendeshwa tena hulihesabu kuwa kamili. GNU Make, mojawapo ya matoleo ya Make, ina tamko .DELETE_ON_ERROR linaloagiza faili la namna hiyo lifutwe, ila halifanyi kazi mpaka mtumiaji aliandike mwenyewe, uamuzi ambao ni vigumu kuutetea. Kwa hiyo wazoefu huandika matokeo kwenye faili la muda, kisha hulipa jina lake halisi amri ikishafaulu.

Snakemake, programu ya aina hiyohiyo iliyotolewa na Johannes Köster na Sven Rahmann mwaka 2012 kwa ajili ya uchambuzi wa data za kibiolojia, hufuta yenyewe matokeo ya amri iliyoshindwa, na tangu toleo la 7.8 hukagua pia kama amri au vigezo vimebadilika. Katika Make, mtafiti akibadili kigezo ndani ya amri, hakuna kinachorudiwa; na akiliweka faili la kanuni miongoni mwa yanayotegemewa, badiliko la herufi moja hurudisha kila hatua mwanzo, hata ile ya siku mbili isiyohusika.