Kukata Chesisi

Land Cruiser ikitoka kiwandani Japani haijui habari za simba. Ile ya pikapu, HZJ79, imeundwa kubeba mizigo: kabini fupi mbele, bodi la mizigo nyuma, na injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, isiyo na haraka wala makuu. Kuigeuza gari la kutalii ni kazi ya gereji za Arusha, na kwa maoni yangu hakuna ufundi wa chuma jijini unaostahili sifa kama huo.

Kazi huanza kwa kukata chesisi ili irefushwe. Gari jipya kabisa linapandishwa juu ya mawe, bodi linavuliwa, na grinda inapita kwenye chesisi kati ya kabini na springi za nyuma. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Asiyejua hukata wima, akaunga, akapaka rangi. Anayejua hukata mshazari au kwa ngazi, ili mshono usikae wote kwenye mstari mmoja, kwa sababu chuma kilichochoka hupasuka kwa kufuata mstari. Kipande kinachoingizwa ni cha unene uleule, na juu ya maungio hupachikwa bamba la kuimarisha. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja anashikiza kwa nukta tu, kisha anavuta futi kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari visipolingana, gari hilo litatembea upande kama kaa maisha yake yote, na hakuna mpangilio wa magurudumu utakaoliponya. Chesisi ikishanyooka, propela nayo inarefushwa na kusawazishwa isitetemeke. Mabomba ya breki, kebo ya hendibreki na nyaya za taa vinafuata.

Urefu huo unatokana na sheria. Ndani ya hifadhi mgeni hashuki garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, kwa hiyo kila abiria anahitaji dirisha lake, na siku nzima gari ndilo kiti, kivuli na mkahawa. Gharama yake ipo: gari refu linakata kona kwa shida, na tumbo lake linagusa tuta ambalo fupi lingelivuka. Lakini kwenye barabara ya vumbi ya kwenda lango la Naabi, Serengeti, yenye mikunjo inayong'oa meno, gari refu hutulia zaidi, na dereva anayelala njiani siku tano atakuambia analichagua lipi.

Kisha kuna paa, ambalo mimi naweza kulitazama saa nzima. Linanyanyuka lote ili watu wasimame kivulini wakitazama tembo, halafu lazima lishuke na kufunga bila kugonga. Pembe moja ikipishana kidogo tu, raba haikai vizuri, na vumbi la Serengeti litakuwa kwenye kamera na chapati kabla ya saa sita mchana. Friji, soketi za kuchajia simu na rangi ya kaki huvutia kwenye picha, ila hayo ni mapambo.

Kugeuza magari hapa si jambo la jana. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya *Hatari!* ya Howard Hawks, iliyopigwa maeneo ya Arusha na Momella, chini ya Mlima Meru. Gari la kukamatia wanyama lilifungwa kiti juu ya madigadi ya mbele, na John Wayne alikaa hapo, nje kabisa, akiwa na mti wenye kitanzi, huku gari likimkimbiza faru. Ni mchezo wa sinema, lakini chuma kilichombeba kilikuwa cha kweli, na aliyekichomelea alijua kikiachia mtu atakufa. Jina lake halitajwi popote ninapopajua. La Wayne kila mtu analo.

Aprili na Mei, wageni wanapopungua kwa sababu ya masika, magari yanarudi gereji na maungio yanakaguliwa moja moja. Nawe ukikodi gari Arusha kwenda Tarangire au Ngorongoro na familia, usianze kuulizia friji. Inama, chungulia chini nyuma ya mlango wa dereva, utazame mshono. Ukiuona umekatwa wima, tafuta gari jingine.