Mto Mmoja kwa Tahajia Mbili: Uchambuzi wa Kuoanisha Majina ya Kyela

Mtu anayetafuta habari za Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa katika maandiko ya kale hana budi kwanza kushindana na herufi, kwa kuwa wamisionari wa Kijerumani waliofika huko mwaka 1891 waliandika walivyosikia kwa masikio ya kwao, Waingereza waliowafuata wakaandika walivyosikia wao, na makarani waliozoea Kiswahili cha pwani wakaongeza tahajia ya tatu juu ya hizo mbili. Kitabu cha Mjerumani Friedrich Fülleborn kilichopigwa chapa mwaka 1906 kimeandikwa jaladani Njassa kwa Nyasa, na Ruwuma kwa Ruvuma. Mto Lufilyo, unaoingia ziwani upande wa Matema, umeandikwa kwingine Lufirio. Na Kiwira ya ramani ndiyo Kibila ya wenyeji.

Mashine inayolinganisha herufi kwa herufi haitaona udugu wowote hapo. Dawa iliyoenea ni Soundex, ambayo Robert Russell wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1918, na ambayo katika miaka ya 1930 ilitumika kupanga kadi za sensa za nchi hiyo, ili wazee wasio na vyeti vya kuzaliwa wapate kuthibitisha umri wao. Kanuni yake ni nyepesi: herufi ya kwanza huachwa kama ilivyo, irabu hutupwa pamoja na h, w na y, kisha konsonanti zilizobaki hupewa tarakimu kwa mafungu, b, f, p na v zikiwa 1, k, g, j, s, z na wenzao 2, d na t 3, l 4, m na n 5, r 6, hata zitimie tarakimu tatu, na zikipungua hujazwa sifuri.

Basi tuijaribu. Lufilyo hupata L140 na Lufirio L160. Kibila hupata K140 na Kiwira K600. Yaani kila mto umepasuliwa kuwa miwili. Ilhali Mwakyusa na Mwaikusa, majina ya ukoo mawili mbalimbali, yote hupewa M220, na Mwakalinga na Mwakalindile huangukia pamoja katika M245. Sababu si uzembe wa Russell, bali ni masikio yake: kwa msemaji wa Kiingereza l na r ni sauti mbili zisizochanganyika, lakini Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Kyela, hakitenganishi maneno kwa hizo mbili, na b yake laini, ambayo kwayo midomo husogeleana isifungane, mgeni huisikia mara b mara w. Fauka ya hayo, herufi ya kwanza, ambayo Russell aliifanya nguzo ya jina, Kyela haimtengi mtu na jirani yake, maana majina mengi sana ya huko huanza kwa Mwa, na aghalabu Mwaka, ambayo k yake tayari imekwisha kula tarakimu moja kati ya tatu.

Njia ya pili, ambayo huhusishwa na Mrusi Vladimir Levenshtein na makala yake ya mwaka 1965, huhesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili neno moja liwe jingine. Nayo hukwama papo hapo: kutoka Lufilyo hadi Lufirio ni mabadiliko mawili, l kuwa r na y kuwa i, kutoka Mwakyusa hadi Mwaikusa pia ni mawili, kuondoa y na kutia i. Mto mmoja na koo mbili zimepata hesabu ile ile.

Ninavyoona mimi, hesabu hii yafaa kurekebishwa, wala si kutupwa. Badiliko la l na r litozwe karibu na bure, la b na w kidogo, na la y na i kidogo vilevile, ilhali kuongeza au kuondoa herufi kulipiwe bei kamili. Na Mwa ikatwe kabla ya kulinganisha, kwani hapo tofauti ya Mwakyusa na Mwaikusa, iliyokuwa mbili katika herufi nane, huwa mbili katika tano. Hata hivyo herufi peke yake haitoshi. Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliujua mtego huu zamani, na Daraqutni, aliyefariki mwaka 995, alitunga kitabu juu ya majina yanayolingana kwa hati yakahitilafiana kwa matamshi. Wao walimtambua mpokezi kwa sheikh wake, wanafunzi wake na mji wake, nasi kadhalika yatupasa kulinganisha kijiji, jina la baba na mwaka wa daftari.

Mwaka huo una kazi nyingine tena. Katika hati ya Mjerumani j ni y, tsch ni ch, na ss mara nyingi ni s tu, kama katika Ssongea. Lakini katika hati ya baada yake j ni j. Mashine isiyosoma tarehe kwanza, ikageuza kila j kuwa y, itaipata Nyasa ndani ya Njassa, kisha itaandika Nyombe mahali pa Njombe. Ndiyo maana tahajia ya asili haifutwi, bali huwekwa kando ya ile iliyosahihishwa.