Chale za Korintho: Mnyama Mweusi Alivyopata Mbavu

Katika Makumbusho ya Uingereza jijini London kuna kichupa cha udongo chenye kimo cha takriban sentimita 7, kinachoweza kufichika ndani ya kiganja. Kilifinyangwa Korintho, Ugiriki, yapata mwaka 640 KK, kwa ajili ya mafuta ya manukato, na mdomo wake ni kichwa cha simba aliyeachama. Mafuta yalitiririka kutoka kinywani mwa mnyama. Chini ya simba huyo, katika mikanda mitatu inayozunguka mwili wa chombo, askari wanakabiliana kwa mikuki, wapanda farasi wanashindana mbio, na chini kabisa wawindaji na mbwa wao wanamwandama sungura.

Kazi kama hiyo husifiwa kwa wepesi wa mkono wa mchoraji. Sifa anaistahili. Lakini ukitaka kujua kwa nini wanyama wa Korintho wana sura waliyo nayo, fuata udongo, ncha kali na moto.

Tuanze na weusi wao. Haukutokana na masizi wala mawe meusi yaliyosagwa. Fundi alichukua udongo wenye madini ya chuma, akaukoroga katika maji mengi, akauacha utulie. Chembe nzito zilizama. Zile nyororo kabisa zilizobaki zikielea ndizo alizozikusanya zikawa uji laini. Uji huo ulipakwa kwenye chombo kilichokauka lakini hakijaingia motoni. Wakati huo haukuwa mweusi hata kidogo. Mchoraji alifanya kazi yake yote akiwa na mnyama mweusi kichwani tu.

Alijaza kwanza umbo zima, simba kamili kama kivuli ukutani. Kisha akamchanja chale. Kila mstari uliukwangua uji na kufunua udongo wa chini, uliokuja kuwa na rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo: bega, kope, makucha, mafundo ya manyoya ya shingoni. Mbinu hii ilishika mizizi Korintho mnamo karne ya 7 KK, na wataalamu wengi huiona kama ujuzi ulioazimwa kwa wahunzi waliochora kwa kuchonga mistari kwenye shaba. Naafikiana nao. Mstari wa brashi hunenepa na kusinyaa kwa kadiri ya uzito wa mkono. Chale hubaki nyembamba kama unywele. Ndiyo sababu mnyama mfupi kuliko kidole gumba ana mbavu unazoweza kuzihesabu. Baada ya chale, baadhi ya sehemu, shingo au tumbo, ziliongezewa wekundu uliokaribia zambarau.

Hapo ndipo linapozuka jambo linalonivutia kuliko yote katika vyombo hivi. Simba wa Korintho huonyeshwa uso kwa upande. Chui, ambaye mwili wake nao uko upande, hugeuza uso wote na kukukodolea macho. Utaikuta kanuni hii chombo baada ya chombo. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni desturi iliyorithiwa, na basi. Mimi nadhani sababu iko kwenye mbinu yenyewe. Ukishamgeuza mnyama kuwa kivuli, paka wakubwa wote hufanana: mgongo ule ule, mkia ule ule, hatua ile ile ya kunyatia. Madoa ya chui, kwenye mwili wa sentimita 2, yangegombana na mistari ya misuli. Lakini uso ukitazama mbele, wenye masikio mawili na macho mawili, hauhitaji maelezo mengine. Vyombo hivi viliuzwa mbali, mpaka Sicily na Italia, na mnunuzi yeyote angemtambua chui papo hapo.

Kisha chombo kiliingia tanuri, na hapa kazi ya siku nyingi ingeweza kuharibika kwa saa chache. Moto ulikwenda kwa awamu tatu. Katika awamu ya kwanza hewa iliingia kwa wingi na chuma ndani ya udongo kikapata wekundu kama wa kutu. Katika ya pili, joto likiwa karibu nyuzi 900, fundi aliziba matundu ya hewa na kutia kuni mbichi. Moto ulikosa oksijeni, ukaanza kuinyang'anya ile iliyomo kwenye udongo wenyewe, na chombo kizima kikageuka cheusi au kijivu. Wakati huo huo chembe nyororo za ule uji zilishikana, zikawa ngozi iliyofunga kama kioo. Katika awamu ya tatu matundu yalifunguliwa. Hewa ikapenya mwili wa chombo, wenye vinyweleo, ukapata ile rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Lakini haikuweza kupenya ngozi ile iliyofunga, na mnyama akabaki mweusi. Mkemia Mjerumani Theodor Schumann alichapisha maelezo ya siri hiyo mwaka 1942.

Mafundi wenyewe walituachia picha za kazi hii. Huko Penteskouphia, karibu na Korintho, yalipatikana mamia ya vibao vya udongo vilivyochorwa, na baadhi vinaonyesha tanuri likiwaka na mtu akilihudumia kwa mti mrefu. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na rangi ya mwali na vipande vya majaribio vilivyowekwa ndani. Angewahi mno kuyafungua matundu, uji usingekuwa umeshikana sawasawa. Angezidisha moto mwishoni, weusi ungerudi kuwa wekundu.

Wakati mwingine vyombo vilipangwa kwa kubanana mno. Pale viwili vilipogusana, moshi haukufika, na weusi haukuingia. Tazama ubavu wa mnyama kwenye chombo cha namna hiyo: utaona doa jekundu la mviringo, mahali jirani yake alipomwegemea ndani ya tanuri.