Barkley kutoka Giants hadi Eagles: Bei ya Mkimbiaji Hupangwa na Nini?

Machi 2024, Saquon Barkley, mkimbiaji wa futiboli ya Kimarekani, alimwaga wino Philadelphia Eagles kwa mkataba wa miaka 3 wenye thamani ya dola milioni 37.75, kati ya hizo milioni 26 zikiwa za uhakika. Klabu aliyoiacha, New York Giants, ilikuwa na haki ya kumzuia mwaka mmoja zaidi kwa takriban dola milioni 12.1. Ukiugawa mkataba wa Eagles kwa 3 unapata milioni 12.58 kwa mwaka. Tofauti haifiki hata nusu milioni.

Msimu uliofuata Barkley alikimbia yadi 2,005, akawa mchezaji wa 9 tu katika historia ya ligi ya NFL kuvuka yadi 2,000 ndani ya msimu mmoja. Eagles walishinda mechi 14 kati ya 17 na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi. Giants walishinda 3. Wengi walihitimisha haraka kwamba uongozi wa Giants uliuza dhahabu kwa bei ya chuma. Mimi naona kosa lao lilikuwa la zamani zaidi. Kufikia Machi 2024 walikuwa wanavuna walichopanda mwaka 2018 na 2023, na kwa hali waliyokuwa nayo, kumwachia Barkley kulikuwa na mantiki. Tukiyafuata maamuzi hayo moja baada ya jingine, tunaelewa pia kwa nini nafasi hii ya mkimbiaji imekuwa na bei ya kupanda na kushuka kwa miaka mingi.

Tuanze na kanuni. Mkimbiaji husimama nyuma au kando ya kwotabeki, yaani mpiga pasi anayeongoza mashambulizi, hukabidhiwa mpira mkononi, kisha hupenya katikati ya miili ya watu wanaopindukia kilo 130. Ni nafasi inayoumiza kuliko nyingi. Kila klabu kati ya 32 za ligi ya NFL ina kikomo kimoja cha mishahara, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kikosi chote. Dola ikienda kwa mkimbiaji, mlinzi au mpokeaji ameikosa.

Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, kijana anayeingia kupitia drafti, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya, hulipwa kwa viwango vilivyokwisha kupangwa. Mkataba wake ni wa miaka 4. Akiwa amechaguliwa raundi ya kwanza, klabu inaweza kuuongeza mwaka wa 5 bila kumwomba ridhaa. Baada ya hapo inaweza kumwekea tagi, yaani kumbakiza kwa mwaka mmoja kwa malipo yanayokokotolewa kutokana na mishahara mikubwa ya nafasi yake. Mwaka 2023 tagi ya kwotabeki ilikuwa dola milioni 32.4, ya mpokeaji milioni 19.7, na ya mkimbiaji milioni 10.1. Kwa kuwa tagi hufuata mishahara, nafasi inayolipwa kidogo hubaki na tagi ndogo, na tagi ndogo huwapa viongozi sababu ya kuendelea kulipa kidogo.

Barkley aliingia Giants mwaka 2018 akiwa na miaka 21. Alicheza miaka 5 ya mkataba wa kwanza na mmoja wa tagi. Alipopata kwa mara ya kwanza uhuru wa kuzungumza na klabu nyingine alikuwa na miaka 27, goti lake limekwishafanyiwa upasuaji baada ya kano kukatika Septemba 2020. Mpokeaji wa miaka 27 anahesabiwa kuwa ndiyo kwanza anakomaa. Mkimbiaji wa umri huo huulizwa amebakiwa na miguu ya misimu mingapi.

Viongozi wa klabu walikuwa na mifano ya kuwatisha. Todd Gurley aliongezewa mkataba wa dola milioni 57.5 na Los Angeles Rams mwaka 2018, na Machi 2020 aliachwa. Ezekiel Elliott alipewa na Dallas Cowboys nyongeza ya miaka 6 na dola milioni 90 mwaka 2019, na Machi 2023 naye akaonyeshwa mlango. Ndiyo maana Julai 2023, baada ya Barkley, Josh Jacobs na Tony Pollard wote kubaki na tagi bila mkataba mrefu, wakimbiaji wa ligi walikutana kwa njia ya video, kikao kilichoitishwa na Austin Ekeler, kujadili wafanye nini. Hawakupata njia, kwa sababu makubaliano yanayowafunga yanaendelea hadi 2030.

Sasa turudi kwa Giants. Mwaka 2018 walikuwa na chaguo la 2 katika drafti. Kwotabeki wao, Eli Manning, alikuwa na miaka 37, na mstari wao wa mbele, yaani walinzi wanaomfungulia mkimbiaji njia, ulikuwa dhaifu. Walimchukua mkimbiaji. Josh Allen alikwenda Buffalo kwa chaguo la 7 na Lamar Jackson akaenda Baltimore kwa chaguo la 32. Barkley hakuwaangusha: mwaka wake wa kwanza alikusanya yadi 2,028 kwa kukimbia na kupokea, na akatajwa mchezaji chipukizi bora wa mashambulizi. Giants walishinda mechi 5. Katika misimu 6 aliyokuwa nao waliingia hatua ya mtoano mara moja tu. Miaka yake ya bei nafuu, ambayo ndiyo yenye thamani kubwa kwa klabu yoyote, iliteketea katika timu isiyokuwa na watu wa kumfungulia njia.

Machi 2023 walipata nafasi ya pili ya kupanga upya, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, mambo yaliharibika kabisa. Walimpa kwotabeki Daniel Jones mkataba wa miaka 4 na dola milioni 160, wakamwekea Barkley tagi. Mstari wa mbele haukuimarika: msimu huo makwotabeki wa Giants waliangushwa na mpira mkononi mara 85, idadi kubwa kuliko ya klabu nyingine yoyote mwaka ule. Jones akakatika kano ya goti Novemba. Barkley, akikimbia nyuma ya ukuta huohuo uliobomoka, alimaliza na yadi 962.

Kwa hiyo ilipofika Machi 2024, meneja mkuu Joe Schoen alikuwa na hesabu ngumu mezani. Kamera za HBO zilikuwa ofisini humo kwa ajili ya mfululizo wa Hard Knocks, na hoja yake ilisikika waziwazi: huwezi kumlipa kwotabeki milioni 40 kwa mwaka halafu kazi yake iwe kumkabidhi mpira mkimbiaji wa milioni 12. Fedha zilielekezwa kwingine. Brian Burns, mwindaji wa makwotabeki, alitolewa Carolina na kupewa mkataba unaoweza kufika dola milioni 150. Jon Runyan alisajiliwa kuziba pengo la mstari kwa dola milioni 30 za miaka 3. Tyrone Tracy, aliyechaguliwa raundi ya 5, aliishia kuongoza mbio za timu kwa yadi 839 na mshahara wa kijana mgeni. Kwa klabu inayoanza kujenga, huo ni mpango unaoeleweka. Ulichokosa ni msingi, yaani kwotabeki anayestahili hizo milioni 40. Novemba 2024 Jones aliachwa.

Howie Roseman, meneja mkuu wa Eagles, alikuwa anaitazama hesabu hiyohiyo akiwa upande wa pili kabisa: mstari wake wa mbele ulikuwa umekwisha kujengwa. Lane Johnson alichaguliwa wa 4 katika drafti ya 2013. Landon Dickerson na Cam Jurgens walichukuliwa raundi ya 2, mwaka 2021 na 2022. Jordan Mailata, Mwaustralia aliyekulia kwenye raga na hakuwa amewahi kucheza mchezo huu, alichukuliwa raundi ya 7 mwaka 2018, akafundishwa na kocha wa mstari Jeff Stoutland mpaka akawa miongoni mwa walinzi bora wa upande wa kushoto. Ana urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 165 hivi. Machi na Aprili 2024, Dickerson aliongezewa miaka 4 kwa dola milioni 84, na Mailata miaka 3 kwa dola milioni 66. Angalia wastani kwa mwaka: Mailata milioni 22, Dickerson milioni 21, Barkley milioni 12.58. Eagles waliwalipa wanaofungua njia zaidi ya anayepita humo.

Ufundi wa pili ulikuwa wa kihasibu. Kanuni zinaruhusu bonasi inayolipwa leo isambazwe kwenye hesabu za kikomo kwa hadi miaka 5. Mchezaji akipewa bonasi ya milioni 10, yeye anaitia kibindoni sasa, lakini klabu inahesabiwa milioni 2 kila mwaka. Mkataba ukiwa mfupi, huongezwa miaka hewa mwishoni, ambayo hakuna anayetarajia ichezwe, ili bonasi ipate mahali pa kutandazwa. Kwa njia hiyo mwaka wa kwanza wa Barkley ulihesabiwa chini ya dola milioni 4 kwenye kikomo cha Eagles. Deni linabaki na litalipwa, lakini kikomo hupanda kila mwaka: milioni 224.8 mwaka 2023, milioni 255.4 mwaka 2024, milioni 279.2 mwaka 2025. Anayekopa leo hulipa wakati deni limekuwa sehemu ndogo zaidi ya bajeti yake.

Uwanjani, faida ilionekana katika mchezo mmoja waliourudia bila kuchoka. Kwotabeki Jalen Hurts anasimama mita 4 hivi nyuma ya mstari, Barkley yuko kando yake. Mpira ukimfikia, Hurts anaubandika tumboni mwa Barkley bila kuuachia, huku macho yakimtazama beki mmoja wa pembeni ambaye makusudi hakuna aliyetumwa kumzuia. Beki huyo akimfuata Barkley, Hurts anauchomoa mpira na kukimbia nao mwenyewe. Akisita kwa kumhofia Hurts, Barkley anaachiwa, na tayari beki mmoja ametolewa mchezoni bila kuguswa. Wale waliobaki wanakutana na Mailata na wenzake. Na kwa kuwa wapokeaji A.J. Brown na DeVonta Smith wako nje wakisubiri pasi ndefu, wapinzani hawawezi kurundika watu katikati. Barkley alizoea New York kukutana na mtu wa kwanza kabla hajaanza kasi. Philadelphia alikutana naye akiwa amekwisha kushika mwendo, na mtu mwenye kasi yake akipita hapo hakamatiki. Januari 19, 2025, kwenye theluji dhidi ya Rams, alifunga kwa mbio za yadi 62 na yadi 78, akamaliza mechi na yadi 205.

Katika Super Bowl yenyewe Kansas City walimbana. Alipata yadi 57 kwa majaribio 25. Eagles walishinda 40 kwa 22. Wapinzani walipotumia nguvu zao kumzuia, Hurts na wapokeaji wake walipata nafasi. Hiyo nayo ni thamani, ingawa haionekani kwenye safu ya yadi.

Wengine waliofanya biashara nzuri kipindi kilekile walifuata mpangilio huohuo. Baltimore Ravens walimsajili Derrick Henry, mwenye miaka 30, kwa dola milioni 16 za miaka 2, wakamweka kando ya Lamar Jackson; akakimbia yadi 1,921. Green Bay Packers, wenye kwotabeki kijana na mstari imara, walimnasa Josh Jacobs akakimbia yadi 1,329. Wote waliingia katika nyumba zilizokwisha kuezekwa.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Kama mstari na kwotabeki ndio wanaozaa yadi, kwa nini usimweke kijana wa bei ndogo nyuma yao? Eagles wenyewe walifanya hivyo mwaka 2023: D'Andre Swift alikimbia yadi 1,049. Jibu liko katika pengo kati ya 1,049 na 2,005. Mkimbiaji wa kawaida huchukua yadi alizofunguliwa, lakini aliye bora huzigeuza yadi 8 kuwa 60, na mbio za yadi 60 hubadili mechi. Hata hivyo thamani hiyo ina muda wake. Pamoja na hatua ya mtoano, Barkley alibeba mpira mara 436 katika msimu ule mmoja. Machi 2025 Eagles walimwongezea miaka 2 kwa dola milioni 41.2, akawa mkimbiaji wa kwanza kuvuka milioni 20 kwa mwaka. Msimu wa 2025, mstari ukiwa umeandamwa na majeraha, hakukaribia tena yadi 2,000. Ni yuleyule, kwenye klabu ileile, na njia zilipopungua yadi nazo zikapungua.

Kwa hiyo mkimbiaji mahiri asajiliwe mwishoni, baada ya mstari na kwotabeki kupatikana, na alipwe vizuri kwa miaka michache. Klabu isiyo na mstari ikimchukua, itamchosha bure na kumlaumu baadaye. Giants walianzia mwisho, na miaka 6 ya kijana mwenye kipaji adimu ikapotea.

Mwenye hasara kubwa zaidi ni mchezaji. Ligi inayomfunga mkimbiaji hadi umri wa miaka 26 au 27 kwa malipo yaliyopangwa, kisha ikamwambia amekwisha kuzeeka, inachukua miaka yake bora bila kuilipia. Barkley alibahatika kutua mahali palipokuwa tayari. Wengi hawabahatiki, na bahati haipaswi kuwa ndiyo kinga pekee ya mfanyakazi. Makubaliano yatakapofunguliwa upya, chama cha wachezaji kipiganie muda mfupi zaidi wa mkataba wa kwanza kwa nafasi hii, na tagi isiyokokotolewa kutokana na mishahara iliyodumazwa na tagi yenyewe. Bila hivyo mameneja wataendelea kushinda hesabu ambazo wakimbiaji wamekwisha kuzishindwa kabla hawajaguswa uwanjani.