Anwani ya Picha: Tafsiri katika Makumbusho ya Fabre

Wanafunzi wetu wa tafsiri wamezoea kupewa barua, habari za magazeti na hadithi fupi. Katika makala haya tunachagua matini fupi zaidi: anwani ya picha ukutani. Picha yenyewe imo katika Makumbusho ya Fabre, mjini Montpellier, kusini mwa Ufaransa.

Mkusanyo wa makumbusho hayo ni zao la ukarimu wa watu wachache. Mchoraji François-Xavier Fabre, mzaliwa wa mji huo aliyeishi miaka mingi Florence, aliupa mji hazina yake mwaka 1825, na milango ikafunguliwa mwaka 1828. Mwaka 1868 tajiri Alfred Bruyas naye akatoa picha zake, zikiwemo kazi nyingi za Courbet na Delacroix. Bruyas alipenda mno kuchorwa, hata mtazamaji akachoka na ndevu zake. Tunamsamehe, kwani bila yeye mkusanyo ungekuwa wa kawaida tu.

Kinachotushughulisha hasa ni kazi ya Frédéric Bazille, mzaliwa wa Montpellier aliyeuawa vitani Novemba 1870 akiwa na miaka 28. Mwaka huohuo alimchora mwanamke mweusi akipanga maua ya pioni katika chombo. Mwanamke huyo hatutazami sisi. Macho yake yako kwenye kazi yake, naye amechorwa kwa uangalifu uleule waliopewa maua.

Kwa muda mrefu picha hii iliitwa *Négresse aux pivoines*. Sasa inaitwa *Jeune femme aux pivoines*. Je, Kiswahili kingesemaje? Mwanafunzi mwenye haraka ataandika "mjakazi". Hilo ni kosa, maana neno hilo linabeba utumwa, na Ufaransa ilikomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1848. "Mwafrika" nalo linadai jambo ambalo picha haisemi. "Mwanamke kijana na maua ya pioni" ni sahihi, wala hatuna haja ya kurudisha tusi la zamani katika lugha yetu.

Hata hivyo, tunaona kwamba anwani mpya imefanya nusu ya kazi. Imeondoa dharau, lakini imeondoa pia dalili kwamba dharau iliwahi kuwapo. Maelezo chini ya picha yangepaswa kutaja majina yote mawili pamoja na sababu ya mabadiliko. Maonyesho ya mwaka 2019 katika Makumbusho ya Orsay, Paris, yaliyohusu watu weusi waliochorwa na wasanii wa Ufaransa, yalikwenda mbali zaidi: mwanamke aliyechorwa na Marie-Guillemine Benoist mwaka 1800 alirudishiwa jina lake, Madeleine. Huyu wa Montpellier bado hana jina.

Kuna ugumu mwingine. Katika *La Toilette*, picha nyingine ya Bazille ya mwaka 1870 iliyomo humohumo, mwanamke mweusi amepiga magoti akimvisha kiatu mwanamke mweupe aliye uchi. Anwani haina tusi lolote, kwa hiyo haikuhitaji kubadilishwa. Lakini inamhusu aliyeketi peke yake. Hiyo ndiyo tunayopendekeza wenzetu wawape wanafunzi wa tafsiri: waitafsiri anwani, kisha waandike maelezo ya mistari minne yanayomtaja kila aliyemo.