Namba Aliyoikuta

Rais Benjamin Mkapa alizaliwa na akazikwa Lupaso, Masasi. Katika enzi yake, mwaka 2004, gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam. Leo mkoa wake wa Mtwara una gesi yake, ya Mnazi Bay, na karibu yote ni methani, isiyo na rangi wala harufu. Pua haisaidii kitu. Anayeingia kazini kwenye visima na mitambo hubana kifuani kipima gesi, na uhai wake hutegemea ugezi wa kifaa hicho, yaani kuhakikisha kwamba namba zake ni za kweli, kazi ambayo sijachoka kuitazama.

Fundi anayejua huanza nje, mbali na jenereta na magari. Hapo hukiwekea kifaa sifuri, na oksijeni isome asilimia 20.9. Akifanya hivyo penye gesi hata kidogo, kifaa kitaamini kwamba gesi ile ndiyo hewa safi, na tangu hapo kitaipunguza katika kila kipimo.

Kisha huunga mpira wa mtungi ambao mchanganyiko wake unajulikana: methani asilimia 2.5, yaani nusu ya kiwango ambacho kikifikiwa hewa huanza kuweza kulipuka, pamoja na kaboni monoksidi na haidrojeni salfaidi kidogo. Huachia nusu lita kwa dakika. Namba, ambayo ni asilimia ya kiwango hicho cha kulipuka, hupanda: 20, 38, 46. Kengele inalia, taa zinamweka, naye hagusi kitufe. 48. 49. Anasubiri itulie kabisa, maana sensa iliyochoka hufika pia, ila kwa kuchelewa, na mvujo haumsubiri mtu.

Adui mkubwa wa sensa ya kawaida ya methani ni silikoni, iliyomo hata katika dawa za kung'arishia dashibodi. Mvuke wake huiua kimyakimya. Kioo kinaendelea kuonyesha sifuri, sifuri ileile ya hewa salama kabisa. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kazi, kifaa hupulizwa gesi kidogo mpaka kilie.

Ninachokistahi zaidi ni daftari. Kabla ya kurekebisha chochote, fundi huandika namba aliyoikuta. Kama kifaa kilisoma 31 mahali pa 50, haitoshi kukirekebisha na kukirudisha. Waliokivaa tangu kilipopimwa mara ya mwisho huitwa, wakaulizwa waliingia wapi.